Mama Vitambaa Anashuka Kwenye Lori

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Vitambaa anastaafu. Atakuwa ameitumikia karakana yetu ya malori kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa amesisitiza mwenyewe ziandikwe, kwa sababu anasema alizifanyia kazi kama nyingine zote na hakuna aliyemsaidia.

Kwa wageni waliofika kwenye sherehe bila kumjua, kazi yake ilikuwa kusafisha na kulainisha viti vya ngozi vya malori. Malori ni arobaini na mawili, kila moja lina viti viwili, na nyuma ya viti kuna kitanda chembamba cha dereva ambacho nacho kimevikwa ngozi. Kuna watu wakisikia hivyo husema, "Ah, kusafisha viti tu." Neno hilo "tu" limetolewa na watu ambao hawajawahi kuondoa mafuta ya samaki kwenye mshono wa kiti kilichopigwa jua siku nne. Wakijaribu mara moja watalitema wenyewe.

Desturi ya maandishi ya kuagana inataka mstaafu aitwe mpole, mnyenyekevu na asiye na makuu. Tukiandika hivyo hapa, nusu ya ukumbi itacheka na nusu nyingine itadhani imekosea sherehe. Mama Vitambaa hakuwa mpole. Amewahi kumteremsha mkaguzi wa bima kwenye lori kwa kuwa alikuwa na kalamu inayovuja mfuko wa nyuma. Amewahi kukataa zawadi ya mwaka mpya kutoka kwa muuza dawa za kung'arisha, akairudisha na ujumbe kwamba hata bure ni ghali. Wapole tunao wengi, na viti vyao tumeviona.

Lazima tuseme pia kwamba hadi Jumanne ya wiki hii karatasi hii haikuwa na uhakika wa kuchapishwa. Mama Vitambaa alikuwa amekataa kutia saini fomu ya makabidhiano. Fomu ina nafasi mbili, ya anayekabidhi na ya anayepokea, na nafasi ya pili ilikuwa tupu. Ofisi ya Utumishi ilimweleza kwamba anaweza kustaafu hivyo hivyo, ila kazi isiyo na mpokeaji hurudishwa makao makuu. Kila mtu hapa anajua kilichorudishwa makao makuu hakirudi. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini hakikuwa kuondoka kwake, maana umri hauzuiliki. Swali lilikuwa iwapo baada yake kutakuwa na mtu wa kushika kitambaa, au viti vitaachiwa jasho, jua na Mungu.

Alianza kazi akiwa mfagiaji wa ofisi. Wiki ya kwanza, akipita uwanjani na ndoo, alimkuta dereva amepanda lorini anasugua kiti kwa brashi ya chuma iliyochovywa petroli. Wanaokumbuka wanasema hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akamwuliza yule dereva, "Baba, na uso wako huwa unaunawa kwa brashi hiyo?" Dereva akasema hapana. "Kwa nini?" Dereva akasema kwa sababu ni ngozi. Mama Vitambaa akanyoosha mkono, akapewa brashi, na tangu siku ile hakurudi kufagia ofisi. Hakuna barua ya uhamisho. Utumishi wameitafuta wakati wa kuandaa mafao yake, hawakuipata. Inaonekana alijihamisha mwenyewe, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna bosi aliyepata ujasiri wa kumuuliza.

Utaratibu wake ulikuwa mfupi na hakuubadilisha kwa mtu yeyote. Kwanza brashi laini ya kupakia rangi kutoa makombo kwenye mishono. Kisha maji ya uvuguvugu na povu kidogo la sabuni nyepesi, na povu hilo hujaribiwa kwanza chini ya kiti mahali pasipoonekana. Kitambaa hukamuliwa hadi kinakaribia kulalamika. Hufuta, hasugui. Kitambaa cha pili chenye maji matupu huondoa sabuni, cha tatu kikavu huondoa maji. Halafu mafuta ya ngozi, kiasi cha kupaka kisigino kimoja, yakizungushwa polepole kwa kidole kilichofungwa pamba. Mwisho kiti "hulazwa". Hakuna kukikalia hadi kesho yake asubuhi, mafuta yanywewe yote. Juu ya usukani huning'inizwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono: MGONJWA AMELALA. USIKAE.

Hakutaka kiti kinachong'aa. Hili lazima lisemwe kwa nguvu, kwa kuwa dunia imejaa chupa za kupuliza zinazoahidi kumetameta, na wanaozinunua huona wametunza kiti kumbe wamekipaka vanishi. Ngozi iliyotunzwa vizuri imefifia kidogo na ni laini kama sikio. Ngozi inayometa imefunikwa kitu, na dereva akifunga breki kwa ghafla juu yake atajikuta anaendesha lori kwa magoti. Tuliwahi kuwa na dereva aliyejinunulia chupa hiyo kwa siri. Alirudi akiwa na nundu katikati ya paji la uso, yenye umbo la nembo ya usukani. Mama Vitambaa aliisoma ile nembo, akamwambia, "Pole, mwanangu. Angalau tunajua kampuni iliyokutengeneza."

Tuje kwenye kipaji chake kingine, ambacho hakijatajwa kwenye fomu yoyote. Alikuwa anasoma viti. Mtu akiacha lori, yeye hupanda, hutazama mabonde na vilima vilivyoachwa kwenye ngozi, na hujua mambo ambayo mke wa dereva bado hajayajua. Alijua nani amekonda, nani ameanza kula akiwa anaendesha, na nani amempa lifti mtu ambaye kampuni haimtambui.

Dereva wetu mmoja aliteseka na kiuno miaka miwili. Alipewa vidonge vya aina tatu, akapigwa picha, akaambiwa apunguze chumvi. Siku moja Mama Vitambaa alikuwa analainisha kiti chake akakuta shimo dogo la mraba upande wa kulia, ngozi imechakaa hapo tu. Akamwita. "Hebu geuka." Dereva akageuka. Mfuko wa nyuma ulikuwa na pochi nene kama tofali, yenye risiti za tangu kabla hajaoa. "Toa hiyo kitu." Wiki tatu baadaye kiuno kilipona. Tangu hapo dereva huyo anaitwa Pochi, jina analolibeba kwa heshima, na pochi yenyewe sasa hukaa kwenye dashibodi kama mfungwa.

Dereva mwingine aliangusha jino la bandia safarini. Alitafuta, akakata tamaa, akatengenezewa jingine. Miezi minane baadaye Mama Vitambaa alilichomoa kwenye mshono kwa ncha ya brashi, akaliosha kwa sabuni ile ile nyepesi, akalitia kwenye bahasha na kuandika juu, "Mali ya kampuni? Kama siyo, njoo uchukue." Leo dereva huyo ndiye pekee katika karakana anayesafiri na tairi la akiba na jino la akiba.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mume wake, fundi redio mstaafu, mtu mvumilivu ambaye tunampa pole na hongera kwa wakati mmoja, anasema sofa lao hulazwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na familia nzima hula imesimama. Mwanawe wa kwanza alipooa, Mama Vitambaa alikwenda kuwatembelea wakwe. Akakaribishwa, akakaa, akapewa chai. Kabla chai haijapoa kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye mshono wa kochi na kutoka na kitu. Alikitazama, akakiweka kwenye kisahani. Mkwe mwenzake hakumsemesha kwa mwaka mzima. Mwaka wa pili akampigia simu, sauti ya chini, akiuliza kama mkojo wa mtoto kwenye ngozi unatoka kwa maji ya moto au ya baridi. Ni uvuguvugu, kwa wanaotaka kujua.

Sasa tufike kwenye habari ya mwaka huu.

Miezi saba iliyopita tulipata Meneja wa Usafirishaji mpya. Ni kijana msomi, mchapakazi, na ametupa ruhusa kuandika haya yote, jambo linaloonyesha ana moyo mkubwa kuliko tulivyodhani mwanzoni. Wiki yake ya tatu walikuja wakurugenzi. Meneja alivaa suruali rangi ya maziwa. Akawaongoza uwanjani, akachagua lori namba kumi na nne kwa sababu lilikuwa limeoshwa, akapanda, akakuta kipande cha boksi kwenye usukani. Akakisoma. Akakiondoa. Akakaa juu ya mgonjwa, na kwa dakika ishirini akawaeleza wakurugenzi waliosimama chini mipango yake ya miaka mitano.

Alipoteremka, makalio yake yalikuwa na ramani mbili za rangi ya kahawia, zimechorwa vizuri, hata mshono wa kati umeonekana. Yeye hakujua. Akatangulia kuwaongoza wageni kupanda ngazi kwenda chumba cha mikutano ghorofa ya pili. Ngazi zina vidato ishirini na sita. Wakurugenzi sita walipanda nyuma yake wakitazama mbele, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kutazama, na hakuna aliyesema neno. Watu sita wenye elimu, mamlaka na miwani. Ukitaka kujua jinsi mashirika yanavyokufa, anzia kwenye ngazi zile.

Aliyesema ni mmoja. Mama Vitambaa aliwakimbilia na kitambaa mkononi, akamkuta Meneja kwenye kidato cha mwisho. "Meneja mwanangu, usikae tena popote. Utaharibu na viti vya ofisini."

Yeye alikuwa anasaidia. Hata leo anaapa alikuwa anasaidia.

Wiki mbili baadaye waraka ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Viti vyote vya ngozi vitavalishwa kava za plastiki. Kila dereva atapangusa kava yake mwenyewe. Kwa kuwa ngozi haitaguswa tena na mtu, kazi ya kusafisha viti itafutwa pindi anayeishikilia atakapostaafu. Mama Vitambaa aliusoma waraka mara mbili akiwa amevaa miwani na mara moja akiwa ameivua. Kisha akasema maneno ambayo madereva waliyarudia kwa miezi: "Ngozi ikinyimwa hewa inaota ukungu. Haya, tukae."

Kava zilivalishwa. Ilikuwa miezi ya joto. Tunawaomba wasomaji wasiowahi kukaa saa nane juu ya plastiki ndani ya lori wasilifikirie sana jambo hili wakiwa mezani. Madereva walivumilia siku nne. Siku ya tano, bila kikao, bila barua, bila hata kuambizana waziwazi, walianza kusimama kwa fundi wa pancha, kilomita moja nje ya geti, kuvua kava na kuzikunja nyuma ya kiti. Wakirudi wanasimama hapo hapo kuzivalisha tena. Fundi wa pancha alifikia hatua ya kuweka benchi la kusubiria zamu.

Wangeweza kuendelea hivyo hadi leo kama si mlinzi wa getini. Huyu ni mama wa makamo anayeitwa Kamanda, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka zamu ikiwa haijaisha. Hana urafiki na mtu, jambo ambalo kwa mlinzi ni sifa. Kamanda aliona kwamba kava za lori namba sita zilitoka asubuhi zimefungwa vishikizo kulia, zikarudi jioni zimefungwa kushoto. Akachunguza wiki nzima. Kisha akaandika kwenye kitabu cha geti, kwa mwandiko wake ulionyooka: "Malori arobaini na mawili. Kava zinatoka, kava zinaingia. Katikati hazimo."

Madereva walimwita msaliti. Pochi, ambaye ana mdomo, alimkabili dirishani. "Kamanda, dada yangu, wewe ukiona mtu anapumua utaandika?" Kamanda akajibu, "Akipumua tofauti na alivyotoka, ndiyo."

Meneja alisoma kitabu, akawaka, akatangaza kwamba atasafiri mwenyewe na mmoja wao, aonyeshe kuwa kava haina tatizo lolote. Akapewa lori namba kumi na nne, dereva Pochi. Haya yafuatayo tunayo kwa ushuhuda wa Pochi, na Meneja ameyasoma na kuweka alama ya vema pembeni.

Saa ya kwanza Meneja alizungumza. Saa ya pili alinyamaza. Saa ya tatu alifungua dirisha, akafunga, akafungua. Saa ya nne aliuliza kama mbele kuna mto. Saa ya sita walifika kwa mteja, na bwana ghala wa mteja akaja na wasaidizi wake kumpokea mgeni. Meneja akafungua mlango ateremke. Pochi akamwambia, "Meneja, subiri kwanza nikubandue." Meneja hakusubiri. Akajitupa chini kwa heshima zote za cheo chake, vishikizo vikakatika vyote kwa mpigo, na kava ikateremka naye, imemganda mgongoni kuanzia mabegani hadi chini ya mapaja. Bwana ghala alimpa mkono. Alidhani ni vazi la usalama. Akaomba na wao waletewe kama hilo.

Wakati wanamtoa Meneja kwenye kava, Pochi alimwomba apande tena atazame kiti kilivyo chini yake. Kiti kilichokuwa laini kama sikio kilikuwa na madoadoa ya ukungu wa kijani, na kilitoa harufu ya viatu vilivyosahaulika. Pochi anasema Meneja alikigusa kwa kidole kimoja. Akasema, "Mama alisema." Walirudi wamekaa juu ya taulo. Jioni walipopita getini Kamanda alimulika tochi ndani na kuandika: "Namba kumi na nne. Kava haipo. Meneja yupo."

Jumatatu iliyofuata waraka wa pili ulifuta wa kwanza. Kava zilivuliwa, na kazi ikabaki. Meneja alishuka uwanjani mwenyewe, safari hii na suruali nyeusi, akamwomba Mama Vitambaa radhi mbele ya mafundi. Mama akamjibu, "Yamekwisha, mwanangu. Ile suruali uliipaka unga wa sembe kabla ya kuifua?" Hakuwa ameipaka. Mama akasikitika kwa dhati, zaidi ya alivyosikitikia waraka.

Zikabaki wiki tano. Ndani ya wiki hizo ilimlazimu kutibu ukungu wa malori arobaini na mawili na kupata mtu wa kumwachia. Ukungu aliumaliza kwa wiki tatu. Mtu ndiye aliyekuwa tabu.

Utumishi walimletea wanne, mmoja mmoja. Mama Vitambaa hakuwauliza maswali. Aliwapandisha kwenye lori, akawaonyesha kiti alichokisafisha asubuhi hiyo, akawaambia, "Kitazame. Uniambie." Wa kwanza alisema, "Mama, kinang'aa kama kioo." Akaambiwa, "Kama kinang'aa nimekosea, na wewe umenificha." Wa pili alikuwa na cheti cha usafi wa vyombo vya moto. Alikagua, akajikohoza, akasema hana la kuongeza. Akaambiwa basi na kazi hana. Wa tatu alikinusa akafumba macho. Wa nne alicheka, akasema, "Kazi ya Mama Vitambaa nani ataikosoa?"

Utumishi walilalamika kwamba mtihani huo haupitiki, maana mtu anawekwa mbele ya kiti safi na kuulizwa kasoro. Hawakuelewa, na wako wengi wasioelewa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tangu waseme tumeendelea kuwasifia wagema hadi tembo lote limekuwa maji na bado tunapiga makofi. Mama Vitambaa alikuwa anatafuta mtu mmoja ambaye jicho lake halijui kujipendekeza. Mwenye kumsifu yeye atakisifu na kiti kichafu, ili mradi mwenye kiti ana cheo. Siku zikaenda. Ijumaa iliyopita tulimwona amekaa kwenye ngazi ya lori, vitambaa mapajani, hafanyi kitu. Katika miaka thelathini na mmoja hatukuwahi kumwona hafanyi kitu. Pochi alimpelekea chai, na aliinywa bila kuangalia alipoiweka.

Jumanne asubuhi lori namba tisa lilikuwa linatoka. Kamanda akalisimamisha kama kawaida, akapanda na tochi yake kutazama kama kuna mzigo usioandikwa chini ya viti. Akakawia. Dereva akapiga honi ndogo ya adabu. Kamanda akateremka, akafunga geti ambalo lilikuwa nusu wazi, akamtuma fundi aliyekuwa karibu: "Niitie aliyeosha kiti hiki."

Mama Vitambaa akaja. Nyuma yake tukaja wengine wote, kwa kuwa hakuna anayeweza kufanya kazi wakati watu wawili kama hao wanakutana.

"Kiti cha dereva umeosha wewe?"

"Mimi, jana."

"Umeacha sabuni. Mshono wa nyuma, pale ngozi inapojikunja. Imekauka, imekuwa nyeupe. Ikikaa humo itakula uzi, na uzi ukikatika mshono unaachia. Lori halitoki."

Pochi alijaribu kuingilia, akaanza, "Kamanda, huyo ni Mama," na Mama akamwonyesha kiganja. Akavaa miwani. Akapanda. Akaupanua mshono kwa vidole viwili, akatazama. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake mahali pa ugenini.

"Wewe umejuaje habari ya sabuni na uzi?"

Kamanda alimtazama kama anayeulizwa swali la kipuuzi. "Kila jioni kwa miaka kumi na moja," alisema, "nakagua mkoba wako. Kila jioni nakuuliza hiki kitambaa ni cha nini, hii chupa ni ya nini, kwa nini vitambaa vitatu na siyo kimoja. Kila jioni unanieleza robo saa hadi nachelewa kwangu. Ulidhani sisikilizi?"

Kwa hiyo karakana nzima ilikuwa imetafuta mwanafunzi kwa wiki tano, na mwanafunzi alikuwa getini akimaliza darasa la kumi na moja. Mama Vitambaa akaomba kalamu. Fomu alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa aproni. Akaikunjua juu ya meza ya mlinzi, akatia saini yake, akaisukuma upande wa pili.

Kamanda hakuigusa. Akasema yeye hakuomba kazi. Mama akasema anajua, ndiyo maana. Kamanda akasema geti litabaki na nani. Meneja, ambaye naye alikuwa amefika akihema, akasema geti atalishughulikia yeye leo hii. Kamanda akafikiri. Kisha akasema, "Kwanza rudia mshono. Nikiuona umetakata, nitasaini."

Na Mama Vitambaa, mwenye miaka sitini na saini yake tayari kwenye karatasi, alipanda lori namba tisa na maji ya uvuguvugu, akaurudia ule mshono huku Kamanda amemsimamia na tochi akisema, "Kushoto bado. Bado. Hapo hapo." Kamanda akasaini, na lori likatoka likiwa limechelewa dakika arobaini. Dereva wake hajalalamika hadi sasa, na hatumshauri aanze.

Wapo wanaopita kwenye korido wakisema kwa werevu kwamba Mama aliiacha ile sabuni makusudi, kuwa ni mtego wake wa mwisho. Tunawajibu hapa hapa ili wasituharibie sherehe. Hakuiacha makusudi. Alikosea. Baada ya wiki tatu za ukungu, mikono ilichoka na mshono mmoja ukampita, na mtu mmoja akathubutu kumwambia kwa sauti mbele ya watu. Alipoulizwa, Mama mwenyewe alisema hajawahi kuwa na nafasi ya kuacha uchafu makusudi, akaongeza kwamba hajawahi kulala vizuri kama alivyolala Jumanne. Msimnyang'anye kosa lake. Amelisubiri miaka thelathini na mmoja liokotwe na mtu mwingine.

Mama Vitambaa, asante kwa kila mgongo uliouponya bila cheti, kwa jino, kwa nembo uliyoisoma, na kwa vidato ishirini na sita ulivyovikimbilia peke yako wakati wenye miwani wamekaa kimya. Asante pia kwa mume wako, aliyekula amesimama kwa niaba yetu. Tunakutakia miaka mirefu yenye afya na vicheko, katika nyumba ambayo mtu anaweza kukaa. Na Jumatatu asubuhi, ukijikuta umeamka saa kumi na moja na kitambaa mkononi, geuka upande wa pili. Kamanda ameshafika kazini, na tayari amekataa lori namba mbili litoke.